Kaunta za ndege zinafungwa moja moja, na kazi yake tumebebeshwa sisi abiria

Nyar Usoma (mwenye uzi)

Habari za jioni wana jukwaa. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili nimelibeba muda.

Mimi ni mzaliwa wa Usoma, hapa hapa Kisumu, chini ya njia ya ndege. Utotoni tulikuwa tukiosha vyombo ziwani, na ndege ikipita tunaacha sufuria tunaitazama mpaka iguse lami. Nilipomaliza shule nikasomea kazi za viwanja vya ndege, nikaajiriwa kaunta ya abiria, nikakaa nyuma ya ile mizani miaka 11. Mwajiri simtaji. Alipoanza kupunguza watu alituambia abiria wa siku hizi wanajihudumia wenyewe, nami nikawa kwenye kundi la pili kuondoka. Sasa nauza vitambaa Kibuye, na maisha yanaenda. Kilichonifanya nishike simu leo ni mambo niliyoyaona nikiwa abiria, upande ule mwingine wa kaunta.

Mama yangu mdogo anakaa Yala. Ana miaka 67, hajawahi kupanda ndege. Binti yake alijifungua Uingereza, watoto wakachanga tiketi, wakaniomba nimsindikize. Tukafika uwanja mmoja mkubwa wa kanda hii, ambao nao siutaji. Mahali nilipozoea kuona kaunta ndefu yenye watu, nikakuta mashine zimesimama mstari mmoja kama makabati, kila moja na kioo chake. Mama mdogo akaniuliza, "Wenyewe wako wapi?"

Mashine ikataka namba ya safari, zile herufi na tarakimu sita. Tukaandika. Ikataka pasipoti. Wengi hatujui kwamba mashine haisomi jina lako pale juu lilipoandikwa vizuri. Inasoma mistari miwili ya chini kabisa, ile yenye alama za < kama midomo ya kuku, herufi 44 kila mstari. Humo majina ya mama yalikuwa matatu, na la ukoo ni la marehemu mumewe. Mjukuu aliyenunua tiketi kwenye simu aliandika majina mawili, akaanza na lile ambalo nyumbani tunamwitia. Mashine ikafikiri kidogo, ikatoa maandishi ya Kiingereza kwamba tumuone mhudumu.

Mhudumu alikuwa mmoja, kijana wa koti la kung'aa, anahangaika kati ya mashine nane au tisa. Nikamweleza. Akanisikiliza vizuri tu, kijana mwenye adabu, kisha akasema, "Shikamoo mama, samahani sana. Mimi ni wa kuelekeza tu. Kwenye mfumo siwezi kuingia. Pigeni namba ya huduma kwa wateja."

Wenzangu, maneno hayo, "mimi ni wa kuelekeza tu", bado yananilia masikioni. Enzi zetu shida ya jina namna hiyo ilikuwa kazi ya dakika tatu. Unatazama pasipoti, unatazama uso, unamuuliza mama jina la mume, unaelewa. Unaandika maelezo kwenye rekodi ya safari, au unamwita msimamizi aliye hatua tano nyuma yako, mnamaliza. Yule kijana alikuwa na macho ya kuona na akili ya kuelewa. Alichonyang'anywa ni mamlaka. Tulikaa kwenye simu dakika 40, mama amekalia begi lake, ameshika pasipoti kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri hukumu.

Tulipokubaliwa ikaja zamu ya lebo ya begi. Mashine inatema utepe mrefu, unaubandua mwenyewe, unauzungusha kwenye mshikio wa begi, unagandisha ncha kwa ncha. Nilikuwa nimegeuka kuchukua lebo yangu. Kurudi kumtazama, mama alikuwa ameubandika ubavuni mwa begi kama stempu ya barua, tena ameukunja katikati, mistari ya kusomwa na mashine imefichwa ndani. Kwenye utepe ule kuna namba kumi. Baada ya tarakimu ya kwanza zinafuata tatu za shirika la ndege, kwa mfano 706 ni Kenya Airways, halafu sita za begi lenyewe. Begi linapita kwenye mikanda na milango mingi, na kila mahali ni hizo namba zinazosema liende wapi. Zikikunjwa, begi linakuwa mtoto asiyejua jina la baba yake. Nikaubandua polepole kwa ukucha, nikaunyoosha, nikaurudisha mahali pake. Vidole vilikumbuka kazi.

Nikajiuliza: kama nisingekuwepo, begi lingepotea, na nani angeambiwa amekosea? Angeambiwa yeye. Lebo ulibandika mwenyewe, mama.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Watu husema mashine zimeondoa kazi. Kazi haijaondoka hata kidogo, imehama. Mashine za kwanza za namna hii ziliwekwa na Continental ya Marekani mwaka 1995. Mwaka 1999 Alaska Airlines wakaanza kuwaruhusu watu wajisajili kwenye intaneti kabla ya kutoka nyumbani. Kufikia tarehe 1 Juni 2008 mashirika yaliyo chini ya IATA, ule umoja wa mashirika ya ndege duniani, yakawa yameacha tiketi ya karatasi, na ikifika mwisho wa 2010 pasi ya kupandia ikawa ni ile ya mistari ya kusomwa na mashine, inayoweza kuchapwa nyumbani au kukaa kwenye simu. Mwaka 2017 Singapore wakafungua Terminal 4 pale Changi, ambapo abiria anaweza kujisajili, kupeleka begi, kupita uhamiaji na kuingia ndegeni akisomwa uso na mashine. Fuateni hatua hizo mtaona kila moja ina kitu kilichotoka mkononi mwangu kikaingia mkononi mwako. Uliandika jina lako wewe. Ukachagua kiti wewe, tena mara nyingi ukalipia. Karatasi ukachapa kwa wino wako. Lebo ukabandika wewe. Ni kazi ileile niliyolipwa mshahara, nikakatwa NSSF na NHIF, na sasa unaifanya bure. Na usipoiweza kuna mahali unatozwa: Ryanair ya Ulaya wanaweza kukutoza pauni 55 ukifika uwanjani hujajisajili, na tangu Novemba 2025 hata pasi uliyochapa kwenye karatasi hawataki, ni simu tu.

Na kuna kazi ya kaunta ambayo haikuwahi kuandikwa popote. Kisumu mnajua tunavyozika. Waombolezaji wanakuja Alhamisi na Ijumaa, wanarudi Jumapili jioni. Jumapili ile foleni ina macho mekundu, mabegi yana unga wa mtama na njugu na omena iliyofungwa kwa magazeti. Ndugu wanne wamemzika mama yao jana, mfumo umewatawanya viti vya mbele, kati na nyuma. Hawasemi kitu, na wewe huwaulizi. Unavuta viti, unawakalisha pamoja, unawapa pasi nne zimeshikana. Mwenye omena unamwonyesha namna ya kuifunga isije ikamwaga harufu kwenye mizigo ya watu, bila kumwaibisha mbele ya foleni. Mama mjamzito unamtazama tumbo, unamuuliza barua ya daktari kwa sauti ya chini.

Kisumu yetu bado ina watu kaunta, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kila msimu wanapungua, na ujumbe wa "jisajili kwenye simu" unaingia kabla hata hujafunga begi. Ninachoomba ni kidogo. Iwepo kaunta moja yenye mtu, na mtu huyo apewe mamlaka ya kurekebisha. Kioo kiongee Kiswahili, na huku kwetu Dholuo na Kiluhya pia. Tuzungumze.

---

Ja Kondele

Nyar Usoma, umenikumbusha mbali. Mimi nilisafiri na tiketi ya karatasi, kile kijitabu chembamba chenye wino mwekundu nyuma unaopaka vidole. Ukiipoteza umepoteza nauli. Hiyo sitaki irudi, nasema ukweli. Ila mtu wa kuniangalia machoni nataka abaki.

---

Fundi Mitambo

Dada Nyar Usoma, pole kwa yaliyompata mama. Nitapingana nawe kwa heshima, kwa sababu mkate wangu unatoka kwenye mitambo hii.

Tupige hesabu. Ndege ina abiria 180. Kaunta ni nne, kila abiria anachukua dakika tatu. Hiyo ni saa mbili na robo ya foleni, na hapo hakuna aliyegombana na mizani. Wengi kati ya hao 180 hawana begi la kupeleka chini na majina yao hayana shida. Ni watu wa mkutano wa asubuhi Nairobi na kurudi jioni. Kwa nini wasimame nyuma ya mtu mwenye mabegi matatu? Mashine imewatoa kwenye foleni ili kaunta ibaki na wenye shida. Huo ndio ulikuwa mpango tangu mwanzo.

Na jambo la pili, ulisema kweli tupu kuhusu wema wa kaunta, lakini kaunta ilikuwa na upande mwingine. Nimeona kwa macho yangu mzee wa Bondo akiambiwa begi limezidi kilo mbili alipe, na nyuma yake mwenye suti amezidi kilo tano akapitishwa kwa tabasamu. Nimeona mama akiongeleshwa Kiingereza cha haraka makusudi ili aone aibu, na anayemwongelesha ni mtoto wa Manyatta. Mashine haijui suti na haijui lafudhi. Kilo 23 ni kilo 23 kwa wote.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007 watu wa benki walilalamika vivyo hivyo. Leo nani anataka kurudi kupanga foleni benki kutuma shilingi mia tano Ugunja?

---

Nyar Usoma

Fundi, la mzee wa Bondo nalikubali kabisa, na sitalifunika. Niliwahi kukaa kimya mwenzangu akifanya hivyo, zamu nzima sikusema neno. Ule unyamavu najutia mpaka leo. Dhambi hiyo ilikuwa yetu, na abiria ana haki ya kutokututamani.

Lakini asante kwa kuleta M-Pesa, kwa sababu ndiyo mfano wangu. M-Pesa ilipokuja Nyalenda, ilikuja na nini? Ilikuja na mtu. Kibanda cha kijani, dada ndani, daftari la kuandika namba ya kitambulisho, kalamu imefungwa kwa uzi. Bibi ambaye hakujua kusoma alimpa wakala simu na kumwambia nitolee mia mbili. Ukituma pesa kwa namba isiyo yako, unakimbia kwa wakala, naye anajua pa kupiga na cha kusema. Teknolojia ile iliweka maelfu ya watu kwenye kila kona ya nchi na kuwalipa kamisheni kwa kila muamala. Ingewekwa kwa mtindo wa viwanja vya ndege, tungepewa chuma kando ya barabara Oile na bango la "jihudumie".

Kuhusu mpango kwamba kaunta ibaki na wenye shida: mpango ni mzuri na mimi ningeusaini. Kinachofanyika ni kwamba foleni ikishapungua, mtu wa hesabu anatazama ile kaunta iliyobaki, anaona wateja wachache, anaifunga nayo. Wale wachache ndio mama yangu mdogo.

---

Wuod Ahero

Nimesomewa uzi huu na simu yangu, naandika kwa kuongea, mniwie radhi makosa.

Mimi sioni tangu nikiwa na miaka tisa. Kioo cha mashine kwangu ni ukuta laini. Simu yangu imefundishwa kunisomea, lakini kile kioo cha uwanjani nilichokutana nacho hakikuwa na sauti wala kitufe cha kupapasa. Nilisimama mbele yake nikasikia foleni nyuma yangu inahema. Mwishowe nilimpa pasipoti yangu mtu nisiyemjua, akaniandikia kila kitu: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu ya dharura. Alikuwa mtu mwema. Ningejuaje kabla?

Kaunta nilikuwa nikiweka mkono juu ya meza, nasikia sauti, najua nimefika.

---

Binti wa Mumias

Samahani wakubwa zangu, niko mwaka wa kwanza kozi ya tiketi na huduma za abiria, hapa mjini Kisumu. Mama ameuza ng'ombe kunilipia muhula huu. Tunafundishwa Amadeus na Galileo, ile mifumo ya kompyuta ya kukata tiketi, tunafundishwa namna ya kutabasamu kaunta. Baada ya kusoma uzi huu sikulala. Niache? Naomba mniambie ukweli, msinifariji.

---

Mzee wa Zamu

Binti wa Mumias, usiache. Badilisha unachokikazania. Mimi nilifanya kazi za uwanja miaka mingi, kaunta na chini kwenye lami, na nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi pia. Nisikilize kama baba.

Kusoma jina na kutoa kiti, hiyo mashine imechukua na haitairudisha. Ukijifunza hiyo peke yake umenunua tiketi ya ndege iliyokwisha ruka. Lakini tazama yale yanayomfanya meneja akose usingizi. Kwanza ni hati. Abiria akifika Uingereza bila hati sahihi, shirika lililombeba linaweza kutozwa pauni 2,000 kwa kichwa. Ndiyo maana kuna Timatic ya IATA, ile hifadhi ya masharti ya viza, pasipoti na chanjo ya kila nchi. Kuisoma ni rahisi, kuielewa ni ujuzi: mtoto anayesafiri na shangazi, pasipoti iliyobaki miezi minne, mtu anayepita nchi mbili kabla ya kufika. Hapo mtu bado anahitajika sana.

Pili, bidhaa hatari. Betri, gesi, dawa za shamba. Kuna mafunzo yake na cheti kinachohuishwa kila baada ya miaka miwili. Tatu, mizani ya ndege yenyewe: nani kakaa wapi, mzigo upi tumbo la mbele, upi la nyuma, mafuta kiasi gani, mpaka rubani anatia sahihi karatasi ya mzigo. Nne, kufuatilia mabegi. Tangu Juni 2018 sheria ya IATA inayoitwa Azimio 753 inataka begi lifuatiliwe kila linapobadilisha mikono, kwa hiyo kuna dawati la watu wa kazi hiyo. Na usisahau mizigo, samaki wa ziwa letu wanahitaji watu wanaojua baridi na karatasi. Mwambie mwalimu wako akufundishe hayo. Akisema hayamo kwenye kozi, muulize karo ya mama inalipia nini.

Sasa kwa mlio kazini. Nyar Usoma, sijui ulilipwaje ulipoondoka, na huhitaji kusema hapa. Ila wengi hawajui Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40. Mwajiri akipunguza watu kwa sababu kazi haipo tena, lazima atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, kwa chama cha wafanyakazi au kwako kwa maandishi kama si mwanachama, na pia kwa afisa wa kazi. Anapochagua nani aondoke lazima atazame muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Na malipo ya kuachishwa hayapungui siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Miaka 11 ni siku 165. Mashine kununuliwa hakumwondolei mwajiri hata siku moja kati ya hizo.

Na nitasema jambo linaloniuma. Septemba 11, 2024 wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma kwa sababu ya mpango wa kuwapa kampuni ya Adani ya India uwanja mkuu wa Nairobi, JKIA. Abiria walikwama, nchi ikasimama ikasikiliza, na Novemba 21 mwaka huo huo Rais akatangaza Bungeni kwamba mpango umefutwa. Hofu ya kupoteza kazi ilikuwa kubwa, na ilikuwa na jina la kulitaja. Mashine inaletwa kwenye sanduku usiku, moja, na baada ya miezi sita nyingine. Hakuna siku ya kugoma. Mkataba usipoandikwa mapema kwamba mtambo mpya unajadiliwa na chama kabla haujaunganishwa na umeme, umekwisha.

---

Binti wa Mumias

Asante sana baba. Nimeandika yote kwenye daftari. Kesho naenda kumuuliza mwalimu kuhusu bidhaa hatari.

---

Mkaazi wa Lanet

Niko Nakuru. Naleta ushuhuda mmoja.

Julai 19, 2024 nilikuwa Chennai, India, nikimrudisha shemeji yangu aliyekwenda kutibiwa moyo. Asubuhi ile sasisho moja bovu la programu ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike lilikuwa limeangusha kompyuta dunia nzima, baadaye tukasikia ni mashine kama milioni 8.5. Uwanjani kila kioo kilikuwa cha buluu. Shemeji amekaa kwenye kiti cha magurudumu, kifua bado kimefungwa bandeji.

Unajua nini kilitusafirisha? Kalamu. Dada mmoja wa kaunta alitoa pasi tupu za karatasi, akaandika kwa mkono jina la shemeji, namba ya ndege, tarehe, kiti. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Mwenzake akahesabu vichwa mlangoni kwa kidole. Mzee mmoja mwenye mvi ndiye aliyekuwa anawaelekeza vijana namna ya kupanga karatasi, kwa sababu yeye pekee alikuwa amewahi kufanya hivyo kabla ya kompyuta. Pasi ile nimeihifadhi ndani ya Biblia.

Na tusiseme ni bahati mbaya ya siku moja. Septemba 2025 wahalifu walishambulia mfumo wa Collins Aerospace unaotumika kusajili abiria, na Heathrow, Brussels na Berlin wakarudi kwenye karatasi. Brussels safari zikafutwa kwa siku kadhaa. Sasa swali langu kwa Fundi: wale wazee wenye mvi wakishaondoka wote, siku ya tatu kalamu itashikwa na nani?

---

Fundi Mitambo

Mkaazi wa Lanet, hilo swali umelipiga penyewe na sitalizunguka. Sisi tunaofunga mitambo huweka umeme wa akiba na laini ya pili ya intaneti. Watu wa akiba hatuwaweki, hawamo kwenye mkataba. Mteja akiuliza "kikianguka itakuwaje?" tunajibu kwa mashine nyingine.

Na Wuod Ahero, ndugu yangu, yako imeniumiza. Sehemu ya kuchomeka vipokea sauti na vitufe vya kupapasa vipo kwenye katalogi. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo viliondolewa ili bei ishuke, na nilikuwepo na kalamu mkononi. Kikao kijacho nitasema.

Bado naamini mashine ina nafasi yake. Lakini la mamlaka, dada Nyar Usoma, umenishinda. Yule kijana wa koti la kung'aa kumnyima ufunguo wa mfumo si lazima ya kiufundi hata kidogo. Ni mtu ofisini ameamua. Kumpa ruhusa ya kurekebisha jina kunachukua dakika chache na hakuongezi gharama ya mtambo hata shilingi.

---

Nyar Usoma

Fundi, asante kwa uungwana. Hilo la kwamba ni dakika chache nimelisoma mara tatu. Nilidhani ni ugumu wa mashine. Kumbe yule kijana angeweza kumsaidia mama siku ile ile, pale pale.

Mzee wa Zamu, nililipwa, lakini si kwa hesabu hiyo. Nitakutafuta kwenye ujumbe wa faragha.

---

Min Otieno wa Maseno

Dada Nyar Usoma nimekuja mwishoni, nisamehe. Nimesoma na moyo unadunda kwa sababu mama yangu mzazi anasafiri Alhamisi hii kutoka hapa Kisumu kwenda Nairobi, halafu anaunganisha Mombasa kwa kaka yangu. Ni mara ya kwanza. Mimi niko kazini siwezi kupata ruhusa. Simu yake ni ile ya vitufe. Kaka ametuma pasi kwenye WhatsApp yangu na mimi sijui nimpe vipi. Anabeba omena na dawa za presha. Nifanye nini?

---

Nyar Usoma

Usiogope min Otieno, tutampeleka.

Hiyo pasi ichapishe saiba yoyote pale stendi ya Maseno, nakala mbili, moja akae nayo mkononi na moja kwenye mkoba. Angalia zote mbili zimetoka, ya Kisumu kwenda Nairobi na ya Nairobi kwenda Mombasa, na mistari ya kusomwa isiwe imefifia. Linganisha jina na kitambulisho leo hii, herufi kwa herufi. Likitofautiana nipigie usiku huu huu, usisubiri Alhamisi.

Kwenye karatasi tupu muandikie kwa herufi kubwa ile namba ya safari ya herufi sita na namba ya kaka yako. Dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kwenye pakiti zake, zisiende chini na begi. Omena ikaushe jua la kesho vizuri, uifunge kwa magazeti, uitie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, kisha uliweke katikati ya nguo. Leso nyekundu au utepe wowote ufunge kwenye mshikio wa begi ili alitambue Mombasa.

Akifika Nairobi asifuate umati. Amuulize mtu wa kwanza mwenye sare, "Naunganisha Mombasa, nipite wapi?" Mwambie arudie maneno hayo nyumbani mpaka yakae.

Ndege yake ni ya asubuhi? Nitumie saa kwenye faragha. Kibuye nafungua duka saa tatu, kwa hiyo nina nafasi. Ikiwa ni ya asubuhi, nitakuwa nje ya mlango wa kuondokea saa kumi na mbili kamili, nimejifunga leso ya rangi ya chungwa. Hawataniruhusu kuingia ndani, lakini kaunta bado kuna dada mmoja tuliyefanya naye kazi, nitampigia simu usiku amtazamie. Mama asiponiona aite tu "Nyar Usoma", nitaitika.